Ami yangu alitibiwa kensa ya matezi akapona, sasa wanasema ipo ubongoni na kuna kirusi. Ni ile ile au nyengine?

#1 Mkonde_Asilia
Assalaam aleikum. Naomba wanaojua wanieleze, na wasiojua wasinitishe.

Ami yangu ana miaka 61, mkulima wa karafuu. Mwaka jana alitoka matezi shingoni na kwapani, tukasema mitoki tu, ana kidonda mahali. Ikaja kuwa limfoma, ile ya seli B kubwa. Akapelekwa Dar, akatiwa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Nywele zote chini, matezi yakayeyuka. Alivyorudi tulichinja.

Huu mwezi wa nane tangu amalize. Kilianza kichwa, asubuhi anapoamka tu, kisha anatapika ghafla bila hata kusikia kichefuchefu. Halafu yakaja mengine. Msimu huu wachumaji wanaleta karafuu jioni, yeye ndiye anayepima pishi tangu mie mtoto, hana daftari, anahesabu kwa mdomo. Siku ile alipima akafika nne, akasema tano, akarudi nne, akamwaga zote jamvini akaanza upya. Mara tatu. Watu wamesimama na makapu yao wanatazamana. Usiku kikombe cha kahawa kikamponyoka mkono wa kushoto, akakiangalia pale chini kama si chake. Na mie ananiita kwa jina la marehemu baba.

Picha ya CT ya kichwa imeonesha uvimbe upande wa kulia. Wakamtoa maji ya uti wa mgongo. Daktari mmoja kijana akaniambia kuna limfoma ubongoni na kwenye maji kimeonekana kirusi cha EBV. Nikamuuliza, imerudi? Akasema hawajui kama imerudi au imezaliwa nyengine. Nimetoka na hilo tu.

Sasa ni ipi? Na kirusi hichi kinaambukiza? Nyumbani kuna watoto sita na kata ni moja.

#2 Pweza_Mkavu
Pole sana. Lakini kata moja mpaka leo? Konde bwana!

#3 Mkonde_Asilia
Maji ya mtungi hayanywewi kwa glasi yakhe. Watu wa mjini mtajuaje.

#4 NesiWaZamu
Wa aleikum salaam. Nimefanya kazi wodi ya kensa miaka kadhaa, si daktari, nisichukuliwe kama daktari.

La watoto kwanza maana ndilo jepesi. EBV, yaani kirusi cha Epstein-Barr, inapita kwenye mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanayo. Huku kwetu watoto wengi wanaipata kabla hata ya kuanza skuli, mafua kidogo, homa kidogo, imekwisha. Ikiingia haitoki, inalala ndani ya seli B, zile chembe nyeupe za damu za kinga, mpaka mtu anazikwa. Hao watoto sita kuna uwezekano mkubwa wanayo tayari, na hawakuipata kwa ami. Kata waacheni nayo.

Gumu ni la kwanza. Limfoma ya seli B kubwa inaweza kusafiri ikaenda ubongoni. Si wengi, takriban 5 katika kila 100, na mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Ikianzia kwenye figo, tezi za juu ya figo au kende, hatari inapanda. Sababu moja ni kwamba ubongo una kizuizi chake, dawa nyingi za dripu hazivuki. Mwilini zinasafisha, kichwani seli chache zimejificha zinakula na kulala. Miezi minane hapo inaingia kabisa.

Ila kirusi kwenye maji kinatia shaka ya njia ya pili: dawa zilishusha kinga, EBV iliyolala miaka 60 ikaamka, ikazalisha limfoma yake mpya. Zote mbili watu wataziita "ya pili", ndiyo maana unachanganyikiwa.

#5 Bin_Makame_77
Mie naomba niulize lisilopendeza. VVU alipimwa? Kaka yangu alianza hivyo hivyo, kichwa na mkono kulegea, kila mtu anasema kensa ya ubongo. Ikawa toksoplazma, kile kimelea cha paka na nyama isiyoiva. Alipewa dawa wiki mbili mkono ukaanza kushika kijiko. Leo anaendesha gari ya ng'ombe.

#6 Mkonde_Asilia
Alipimwa kabla ya dripu na juzi tena. Hana. Nashukuru kwa kuuliza, wengine wanaulizia pembeni.

#7 NesiWaZamu
Bin Makame yuko sawa kuuliza. Mwenye VVU na kinga imeshuka, uvimbe wa ubongoni ni toksoplazma au limfoma, na limfoma hiyo ya ubongo kwa wenye VVU karibu zote zina EBV ndani. Ndiyo maana wanajaribu dawa ya toksoplazma wiki mbili kwanza, ukikataa kupungua ndiyo wanawaza kensa. Na kifua kikuu kisisahauliwe, nacho kinatengeneza uvimbe kichwani.

#8 Babu_wa_Mwera
Hichi kirusi ni cha hapa hapa Afrika Mashariki. Mwingereza mmoja, Burkitt, alikigundua Uganda 1964 kwenye taya za watoto. Tulisomeshwa.

#9 Kabati_la_Vitabu
Shikamoo babu. Kwa heshima zote, umevichanganya vitatu. Denis Burkitt hakuwa Mwingereza, alikuwa mtu wa Ireland ya Kaskazini, daktari mpasuaji spitali ya Mulago, Kampala, jicho moja lilipotea akiwa mtoto. Yeye alieleza uvimbe wa taya mwaka 1958, kirusi hakukiona. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, akamkuta Anthony Epstein amekaa anasikiliza, ndipo vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Kirusi kilionekana kwa hadubini ya elektroni, na 1964 wakatangaza Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong. Achong alikuwa mtu wa Trinidad, jina lake halikuingia kwenye kirusi, sijui alikosa nini.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Ndege yenye kipande ilishindwa kutua London kwa ukungu, ikatua Manchester. Kilipofika maabara maji yake yalikuwa machafu machafu, wengine wangelimwaga wakasema bakteria wameingia. Epstein akaweka tone kwenye hadubini, akakuta ni seli zenyewe za uvimbe zimejitenga zinaelea. Kumbe zikiachwa zielee ndiyo zinaota. Ukungu ule ndio uliotupa kirusi.

#10 Babu_wa_Mwera
Marahaba. Basi nimekosea Uingereza, Uganda sikukosea.

Lakini ntakwambia la hapa ambalo kabati lako halina. Mie mdogo, miaka ya sitini mwanzoni, walikuwa wanakuja watu wa malaria na mabomba mgongoni, wanapuliza DDT kuta zote. Mama anatoa vyungu nje, kunguni wanaanguka kwenye teo za kitanda kama ufuta. Mbu wakatoweka. Na hiyo kensa ya taya hatukuwa tukiiona hapa, ilhali ndugu zetu wa Tanga wanaijua.

#11 Kabati_la_Vitabu
Hilo kabati linalo, babu! Mpango ule ulianza 1958 ukaachwa 1968, malaria ikarudi kwa kishindo. Na Burkitt mwenyewe alivitaja visiwa vyetu, Unguja na Pemba, kuwa ni sehemu ya joto na mvua ambayo uvimbe wake ni nadra, na akaiona sababu kuwa malaria imedhibitiwa. Yeye mwaka 1961 aliendesha gari kuukuu pamoja na wenzake wawili, maili 10,000, spitali hadi spitali, akichora ramani ya ugonjwa. Ramani ikafanana na ya malaria.

Bara walijaribu hata kuthibitisha. Mkoa wa Mara, upande wa kaskazini, watoto chini ya miaka 10 walipewa klorokwini, 1977 mpaka 1982. Kensa ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, na vimelea vikazoea klorokwini katikati. Wakabaki na jibu nusu.

#12 Mama_Nassor_Jangombe
Mwanangu mie aliumwa hiyo ya taya akiwa na miaka sita. Jino lilianza kucheza, nikajua linang'oka la utoto, kesho yake la pili, na la tatu, shavu limejaa kama kaweka embe mdomoni. Wiki moja baada ya dripu ya kwanza shavu likakaa sawa. Nilikuwa naliangalia linavyopungua asubuhi hadi jioni, wallahi. Sasa yuko kidato cha pili. Walimtia na dawa za uti wa mgongo ijapokuwa kichwani hakukuwa na kitu. Nilikasirika siku ile kwa nini wanamdunga mtoto mgongo mzima mzima, ndio naelewa leo hapa kwenye uzi huu.

#13 Mkonde_Asilia
Mashallah, Mungu amkuze. Ami hakutiwa dawa za mgongo. Ilikuwa atiwe?

#14 NesiWaZamu
Limfoma ya Burkitt, hiyo ya taya, wanatiwa karibu wote. Ya seli B kubwa wanatazama mizani: umri zaidi ya 60, kimeng'enya cha LDH kupanda, hali ya mtu kuwa dhaifu, ugonjwa kuwa hatua ya tatu au ya nne, kutoka nje ya matezi zaidi ya sehemu moja, na figo au tezi za juu yake. Anayehesabiwa manne au zaidi ndiye anayefikiriwa. Na hata hapo wakubwa wenyewe wanabishana kama sindano za mgongo zinazuia kweli. Usije ukajilaumu kwa hili.

#15 Mkulima_Halisi
Hakuna aliyetaja mnyaa. Ule wa uzio, ukikata unatoa maziwa meupe. Nilisoma kuwa maziwa yake yanaamsha kirusi hichi hichi. Ami yako shamba lake limezungushiwa nini?

#16 Mkonde_Asilia
Mnyaa. Upande wa barabarani wote.

#17 Mkulima_Halisi
Ehe.

#18 Kabati_la_Vitabu
"Ehe" nini tena. Ni kweli maabara walionesha utomvu wa mnyaa unaamsha EBV ndani ya seli, na ni kweli mnyaa umejaa sehemu zenye Burkitt. Lakini umejaa na sehemu zisizo nayo. Pemba nzima ingekuwa wodini.

#19 Ubani_wa_Chwaka
Mmezunguka Uganda na London, mmepita hata Manchester. Mtu mzima msimu wa karafuu anataja jina la marehemu nduguye, hesabu inampotea mbele ya watu, na mkono wa kushoto ndio ulioanguka. Nauliza moja tu: shamba hilo halina ugomvi?

#20 Mkonde_Asilia
Ugomvi upo. Lakini upo tangu 1990, mbona usubiri kensa?

#21 Pweza_Mkavu
Hahaha jini lenye subira. Jini la Konde hilo, linangoja zamu ya kata.

#22 Ubani_wa_Chwaka
Chekeni. Mie sikusema aache spitali. Asomewe, anywe kombe, na aende.

#23 NesiWaZamu
Kombe la zafarani na maji ya waridi silina neno. Mizizi ya kuchemsha ndiyo nnayoiogopa, ini na figo zake zitahitajika hivi karibuni.

#24 Sindano_na_Kioo
Salaam. Mie mtu wa maabara, nitasema ya kwangu.

Jamaa mmejenga nyumba juu ya neno moja, kuwa kirusi kimeonekana kwenye maji. Kipimo cha PCR kinatafuta vipande vya DNA ya EBV, na kinashika hata kidogo mno. Mtu ana seli B zenye EBV kwenye damu yake maisha yote. Ubongo ukiwaka kwa sababu yoyote, hata homa ya uti wa mgongo, seli hizo zinaingia kwenye maji na PCR inasema ndiyo. Kwa hiyo kirusi kwenye maji si sawa na kirusi ndani ya kensa. Kiwango kikiwa kikubwa sana inatia uzito, lakini haimalizi.

Kinachosema kweli ni nyama yenyewe. Wanachukua kipande, wanakipaka kipimo kinaitwa EBER, seli zenye kirusi viini vyake vinageuka rangi nyeusi au buluu. Na hapa mleta uzi nisikilize: tezi ile ya shingoni waliyoikata mwaka jana haikutupwa. Imo ndani ya kijibonge cha nta, imehifadhiwa, ina namba. Itafutwe, ipakwe EBER na yenyewe. Ya shingoni ikiwa haina kirusi na ya kichwani inacho, hizo ni mbili tofauti. Zote mbili zikiwa hazina, kirusi cha kwenye maji kilikuwa mpita njia. Zote zikiwa nacho, basi huenda ni moja tangu mwanzo, ingawa hapo pia wapo wanaotaka mpaka waone ukoo wa seli kwa vinasaba.

#25 Mkonde_Asilia
Hili sikuambiwa na mtu. Kijibonge nnakidai wapi?

#26 Sindano_na_Kioo
Kwenye maabara iliyotoa lile jibu la kwanza. Angalia karatasi, juu kulia kuna namba yenye mwaka. Bila ya namba hiyo utazungushwa mpaka Idi.

#27 Bi_Salme_wa_Wete
Nakuomba kitu kimoja mwanangu kabla hamjaenda popote. Wameshampa deksamethasoni, ile dawa ya kushusha uvimbe wa ubongo?

Marehemu mume wangu alikuwa na uvimbe kichwani, ilikuwa apasuliwe wachukue kipande. Spitali moja, siitaji, ilimuanzishia sindano za deksa wakati tunangoja tarehe. Akafufuka! Akala, akaongea, akauliza habari za mbuzi wake. Sote tukafurahi. Siku ya kuchukua kipande wanapiga picha, uvimbe hauonekani. Wakachukua hivyo hivyo, jibu likaja "seli zilizokufa, haiwezekani kusema". Wakaturudisha nyumbani. Wiki sita baadaye umerudi mkubwa zaidi na yeye hawezi tena kuhimili kisu. Aliyekuja kunieleza baadaye alisema limfoma inayeyuka kwa deksa kama sukari, ndiyo maana ilitakiwa nyama ichukuliwe mwanzo.

Jina la ugonjwa wake mpaka leo silijui.

#28 Mkonde_Asilia
Mungu amrehemu bi Salme. Ameandikiwa vidonge, anaanza kesho asubuhi. Nawapigia sasa hivi.

#29 NesiWaZamu
Piga. Lakini sikiliza na wao watasemaje: kama ubongo umevimba mno na anaanza kusinzia, deksa inaokoa maisha na hawatangoja. Waulize tu kama kuna nafasi ya kuchukua kipande kwanza. Upasuaji wa ubongo siku hizi upo hata pale Mnazi Mmoja, si lazima kila mtu avuke.

#30 Dokta_Mtarajiwa
Mwaka wa nne Muhimbili, kwa hiyo nnajua vya kutosha kuwa hatari.

Kuna uwezekano mwengine hamjautaja. Kuna limfoma ya seli B kubwa ambayo tangu siku ya kwanza ina EBV. Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 liliiorodhesha kama ya wazee, wenye zaidi ya miaka 50, kwa dhana kuwa kinga inazeeka pamoja na mtu, seli T, zile chembe za kinga zinazokidhibiti kirusi, zinachoka. Mwaka 2016 wakaliondoa neno "wazee" kwa sababu vijana nao walionekana. Ami wa miaka 61 anaweza kuwa alikuwa nayo hiyo, na hakuna aliyepaka EBER mwaka jana. Basi si ya pili kwa maana ya mpya, wala dawa hazikuizalisha. Ni ile ile, na kirusi kilikuwemo.

#31 Bin_Makame_77
Kwa hiyo ziko tatu sasa. Tulianza na mbili.

#32 Gunia_la_Mwani
Nne. Mie ya kwangu haina kirusi kabisa. Mdogo wangu ilimuanza kwenye kende, akaona haya kusema, likafika kama kifuu ndipo akavua nguo mbele ya daktari. Likatolewa, akatiwa dripu, mwaka wa pili ikaibuka kichwani. Wakapima EBV kwenye maji na kwenye nyama, hamna. Ilipanda tu yenyewe. Sasa tukianza kusema kila iliyofika ubongoni ni kirusi, mdogo wangu tunamuweka wapi?

#33 Dokta_Mtarajiwa
Unamuweka kwa NesiWaZamu #4, alitaja kende. Hiyo ndiyo ya kawaida zaidi. Zenye kirusi ndizo chache.

#34 Chuchu_wa_Kiembesamaki
Alipewa rituksimabu, ile dripu inayolenga seli B? Maana nilisikia hiyo inafungulia kirusi chengine kabisa cha ubongo, si EBV. Kinaitwa JC. Kinatafuna ile sehemu nyeupe ya ubongo, mtu anababaika na kupooza hivyo hivyo.

#35 Dokta_Mtarajiwa
Ni kweli upo, ni nadra. Lakini JC kwa kawaida haifanyi donge linalosukuma ubongo, inaacha mabaka. Ami ana donge. Picha ya MRI ingetenganisha vizuri kuliko CT.

#36 Mkonde_Asilia
Rituksimabu alipata dripu mbili, nne za mwisho hatukuweza kuinunua.

#37 Chuchu_wa_Kiembesamaki
Basi hapo ndipo ilipobakia. Dozi haikukamilika.

#38 NesiWaZamu
Chuchu tafadhali. Rituksimabu ni molekuli kubwa, kizuizi cha ubongo haikivuki vizuri. Wapo waliopata zote sita na ikaenda kichwani. Usimtwishe mtu gunia la hela ambazo hakuwa nazo.

#39 Chuchu_wa_Kiembesamaki
Samahani mleta uzi, sikukusudia hivyo.

#40 Mkonde_Asilia
Haina neno. Nilikuwa nshalibeba kabla yako.

#41 Haji_Boti
Kama ni kirusi si kuna asikloviri? Mie nilipewa ya mkanda wa jeshi, siku saba nikapona.

#42 Sindano_na_Kioo
Mkanda wa jeshi kirusi chake kinakuwa kinajizalisha, asikloviri inakikamata hapo. EBV ndani ya limfoma imelala, inanakiliwa tu kila seli inapogawanyika. Kimeng'enya ambacho dawa inakihitaji ili iamke hakifanyi kazi. Haimsaidii.

#43 Haji_Boti
Sawa. Na mkisafiri msichukue ile ya mchana, kusi limeanza. Wiki iliyopita watu walitapika mpaka manahodha wakaomba dua.

#44 Pweza_Mkavu
Boti ina manahodha wangapi?

#45 Haji_Boti
Siku ile kila mtu alikuwa nahodha.

#46 Mama_Nassor_Jangombe
Nilitaka kuuliza na mie hili la mate. Bibi yake mwanangu alikuwa akimtafunia ndizi na wali alipoanza kula. Ndiyo ilikuwa sababu?

#47 NesiWaZamu
Hapana kwa maana unayoiogopa. Ndiyo, kutafuniwa ni njia moja ya EBV kuingia mapema. Lakini watoto wote wa mtaa wameingiwa, wachache mno wanaugua. Lazima kitu chengine kiongezeke, malaria ya kila mara ndiyo inayotuhumiwa zaidi, maana inazichokoza seli B zizaliane ovyo na kuzichosha seli T.

#48 Babu_wa_Mwera
Kwa hiyo malaria haimhusu ami huyu?

#49 Kabati_la_Vitabu
Babu, malaria hapa imeshuka chini ya asilimia 1 zaidi ya miaka kumi sasa. Ila yeye amezaliwa ule mpango wako ukielekea ukingoni, amekua wakati malaria imerudi. Kama utoto wake uliacha kitu, hapo mie sitii mkono.

#50 Babu_wa_Mwera
Tia tu. Wote wametia.

#51 Mkonde_Asilia
Habari za jioni, naleta mrejesho. Deksa hawakumpa, wamesema siku tatu zinahimilika. Amepasuliwa jana, kipande kimetoka. Ameamka anaomba chai. Daktari mkubwa anasema kwa macho ni limfoma tu, swali la kirusi litajibiwa na EBER, lakini dawa hawasubiri, ni methotreksati dozi kubwa kwa kuwa inavuka kizuizi. Kijibonge cha shingoni kimepatikana Dar, namba ilikuwa kwenye karatasi kweli, juu kulia. Mtoto wa shangazi amekichukua leo.

#52 NesiWaZamu
Alhamdulillahi. Ya methotreksati andika kwenye karatasi uwe nayo mfukoni: maji mengi kabla na baada, mkojo upimwe kwa kijikaratasi usiwe na asidi, figo zipimwe kila siku. Asimeze septrini, asimeze diklofenaki wala ibuprofeni hata akilia na mgongo. Siku ya pili inaanza dawa ya kuokoa, asidi foliniki, kila saa sita, usiku wa manane pia. Mtu alale na saa.

#53 Haji_Boti
Hiyo foliniki si ndiyo vile vidonge vya wajawazito? Vimejaa kila kituo.

#54 NesiWaZamu
HAPANA. Vile ni foliki. Hii ni foliniki. Ukimpa foliki methotreksati inaendelea kuunguza kana kwamba hukumpa kitu. Soma jina herufi kwa herufi, na isainiwe na anayetoa.

#55 Dokta_Mtarajiwa
Na hepataitisi B ilipimwa? Rituksimabu ikirudi inaweza kuiamsha.

#56 Mkonde_Asilia
Walipima. Hana.

#57 Gunia_la_Mwani
EBER ikitoka utuambie. Mie nasema haitakuwa na kirusi.

#58 Dokta_Mtarajiwa
Mie nasema zote mbili zitakuwa nacho.

#59 Ubani_wa_Chwaka
Na mie mnaijua yangu.

#60 Mkonde_Asilia
Kijibonge kinakuja kesho na boti ya asubuhi. Kina ukubwa gani hasa? Mtoto wa shangazi anasema amepewa kitu kama kipande cha sabuni ya spitali, ana wasiwasi wamempa sicho. Mara ya kwanza tulipeleka nyama ndani ya kopo la fomalini, likamwagika kwenye begi, nguo zake zinanuka mpaka leo.

#61 Sindano_na_Kioo
Ndicho. Nta, na katikati ataona doa la rangi ya maziwa, hiyo ndiyo tezi ya ami. Hakimwagiki. Ila asikiweke juani wala karibu na injini, akae nacho chini kwenye kivuli.

#62 Haji_Boti
Upande wa kushoto basi, asubuhi jua liko kulia.

#63 Pweza_Mkavu
Inategemea boti inaelekea wapi, nahodha.